Ndege ya umeme Ziwa Nyasa: uliza kilomita kwanza

Anayetoka Mbamba Bay kwenda Dar es Salaam kwa ndege huanza na gari: kilomita 66 hivi za lami hadi Mbinga, na kama 100 nyingine hadi Songea. Hapo ndipo anapoikuta pangaboi yetu, Bombardier Q400 ya Air Tanzania yenye viti 76, inayochoma mafuta kwa safari ya zaidi ya kilomita 500 angani. Wakati huohuo simu zetu zinaleta picha za ndege za umeme, za mseto na za haidrojeni. Ukitaka kujua ipi ni ndege na ipi ni picha tu, anza na uzito.

Pima kwa uniti, zile zile unazonunua kwenye LUKU. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina uniti 12 hivi. Kilo moja ya betri nzuri ya leo ina kama robo uniti. Mota ya umeme hupoteza nishati kidogo kuliko injini ya mafuta, kwa hiyo pengo linapungua, lakini halizibiki. Tena mafuta huisha njiani na ndege ikawa nyepesi, ilhali betri hutua na uzito ule ule iliopaa nao. Juu ya hayo, rubani haruhusiwi kuondoka bila akiba ya walau nusu saa, asije akakuta uwanja umefungwa na ukungu. Anayeijua Mbinga ya Juni na Julai hahitaji kuelezwa zaidi. Ndege yenye umeme wa saa moja, ukitoa akiba hiyo, imebaki na nusu saa ya safari.

Ndiyo maana ndege ya kwanza ya umeme kupata cheti kamili barani Ulaya, Pipistrel Velis Electro ya mwaka 2020, hubeba watu wawili kwa dakika 50 hivi, nayo hutumika zaidi kufundishia marubani. Alice, ya abiria 9, iliruka nchini Marekani Septemba 2022 kwa dakika 8. Mwaka 2025 kampuni yake, Eviation, ikasimamisha kazi na kupunguza wafanyakazi. Heart Aerospace iliahidi ndege ya abiria 30 itakayokwenda kilomita 200 kwa umeme mtupu na 400 kwa mseto, yaani umeme ukisaidiwa na mafuta. Hata hiyo ya mseto, ikiwa imejaa abiria wake 30, haikufikishi Dar kutoka Songea.

Haidrojeni ina uniti kama 33 kwa kilo, karibu mara tatu ya mafuta. Tatizo ni kuihifadhi: ili iwe kimiminika lazima ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, na matangi yake hula nafasi ya abiria. ZeroAvia iliirusha Dornier 228 nchini Uingereza Januari 2023 kwa dakika 10 hivi, injini moja tu ikitumia haidrojeni. Machi mwaka huohuo Universal Hydrogen ikairusha Dash 8-300, ndugu wa damu wa pangaboi yetu. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2024, fedha zilipokauka.

Majirani zetu Wakenya wako mbele kidogo, kwa karatasi. Kenya Airways, kupitia Fahari Aviation, ilikubaliana na kampuni ya Eve mwaka 2022 juu ya vyombo hadi 40 vya umeme vinavyopaa wima. Safarilink na Yellow Wings nazo ziliingia makubaliano na Surf Air Mobility ya Marekani ya kubadilisha injini za Cessna Caravan. Mimi naitazama zaidi hiyo ya Caravan, kwa sababu ni ndege tunayoifahamu, inayotua hata kwenye viwanja vifupi vya vumbi. Lakini makubaliano si ndege.

Kilichokwisha kuruka kwa umeme juu ya maji yetu ni droni. Mwaka 2018 DHL, Wingcopter na shirika la Ujerumani GIZ walipeleka dawa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria: kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Kwetu mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay hadi Liuli ni karibu kuliko hapo. Hukumu yangu ni hii: chombo cha kwanza cha umeme kitakachotufaa mwambaoni kitabeba damu na dawa, mtu atasubiri.

Basi akija mtu na mradi, muulize inabeba wangapi, inakwenda kilomita ngapi baada ya kutoa akiba, na cheti kimetolewa na mamlaka gani. Muulize pia umeme. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018, lakini kuchaji uniti 500 kwa nusu saa ni mzigo wa megawati nzima kwa mkupuo. Akikuuzia hisa kabla ya kujibu, funga mkoba. Ikiwa ni droni, aonyeshe kibali cha TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga.

Kwa sasa, betri inayokuhusu ukifika Songea ni ile ya pawabenki. Ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kikomo bila kibali cha shirika ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ina kama 74, kwa hiyo inapita.