SOMO: KUBADILI JINA KISHERIA KWA MHAMIAJI NA KWA MTU MWENYE URAIA WA NCHI MBILI

Watumishi wa umma na wakazi wa Wilaya za Kasulu na Kibondo wanaelezwa katika somo hili tofauti iliyopo kati ya kusahihisha jina, kubadili jina na kubadili uraia. Mambo haya matatu huchanganywa mara kwa mara, na anayeumia ni mtu ambaye nyaraka zake hazikubaliani.

1. Chanzo cha tatizo

Nchi ya Buha imepakana na Burundi, na Giha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Majina kama Bukuru, Nyandwi na Minani husikika pande zote mbili za mpaka. Kwa sababu hiyo jina peke yake si ushahidi wa uraia, wala si sababu ya kumtilia mtu shaka.

Aidha, mila za kutoa majina zinatofautiana na fomu za ofisi. Kwa desturi ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa baba mmoja huweza kutofautiana majina yote. Fomu za Tanzania hutaka jina la mtu, la baba na la babu. Vilevile herufi "c" ya Kirundi husomwa "ch"; hivyo Bucumi, jina la mtoto wa kumi, huandikwa na karani mmoja "Bucumi" na mwingine "Buchumi". Naye aliyeandikwa Jean alipoingia nchini huweza kuandikwa Yohana shuleni.

2. Kusahihisha na kubadili

Tofauti ya tahajia au mpangilio wa majina ni jambo la kusahihisha. Mhusika huapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, akieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha huiambatisha na vielelezo vyake.

Anayeacha jina moja na kushika jingine anabadili jina. Huyo huandaa hati ya kubadili jina kwa msaada wa wakili, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka. Hati isiyosajiliwa haitoshi. Ikisha kusajiliwa, hupelekwa katika Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, Idara ya Uhamiaji, benki na kwa mwajiri. Hati ya awali na nakala zake zitunzwe, kwa kuwa ndizo zinazounganisha jina jipya na vyeti vya zamani vya shule.

3. Jina na uraia

Kubadili jina hakumpi mtu uraia wala hakumwondolei. Uraia huongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ambayo hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa pamoja. Mgeni anayeomba uraia wa kuandikishwa hutakiwa kuukana uraia wake wa awali. Sheria za majirani zinatofautiana: Burundi inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu mwaka 2000, na Kongo, kwa sheria ya mwaka 2004, hairuhusu.

Zaidi ya wakimbizi 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Cheti cha namna hiyo ndicho msingi wa nyaraka zote zinazofuata. Jina lililokosewa humo hukosewa pia katika kitambulisho, hati ya kusafiria na urithi wa shamba.

4. Mfano

Kijana amezaliwa Kasulu, mama Mtanzania na baba Mrundi. Kwa kuzaliwa ni raia wa Tanzania, na kwa baba ni raia wa Burundi. Anaruhusiwa kuwa na uraia huo wa nchi mbili akiwa mtoto tu. Akifikisha miaka 18, Sheria inamtaka aukane uraia wa Burundi na kula kiapo cha utii. Asipofanya hivyo, hupoteza uraia wa Tanzania. Kuandikisha jina la ukoo wa mama si badala ya hatua hiyo.

5. Mambo ya kuzingatia

(a) Jina litengenezwe kabla ya kuomba uraia, ili ombi, tangazo la gazetini na cheti viwe na jina moja.
(b) Pasiwe na jina moja la Tanzania na jingine la ng'ambo ya mpaka. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha ukweli huweza kufutwa.
(c) Karani aandike jina kama lilivyo katika kielelezo, asilitafsiri wala kulifupisha.
(d) Afisa asikatae huduma kwa sababu jina "linasikika la kigeni", aombe kielelezo.

6. Maswali ya kujipima

(i) "Bucumi" na "Buchumi" katika vyeti viwili vya mtu mmoja: ni hati gani inahitajika?
(ii) Kwa nini hati ya kubadili jina haiwezi kuwa uthibitisho wa uraia?
(iii) Kijana wa mfano wa hapo juu afanye nini akifikisha miaka 18, na aanzie ofisi ipi?

Mwenye shaka aende Ofisi ya Uhamiaji ya Wilaya akiwa na nyaraka zake zote, hata zile ambazo hazikubaliani.