Baiskeli, Joto na Upepo: Safari ya Siku Moja Kutoka Mwenge Hadi Uwanda wa Ruvu

Alfajiri, kabla njia panda ya Mwenge haijajaa mabasi na sauti za wapiga debe, baadhi ya watu wa kwanza kuonekana katika Barabara ya Bagamoyo ni waendesha baiskeli. Wapo wanaoleta mkaa mjini, magunia mawili au matatu yamefungwa juu ya keria, nao wamekuwa njiani tangu usiku. Wapo pia vijana wanaokwenda upande wa pili, kutoka mjini kuelekea nyikani, wakiwa na hema, sufuria na unga, kwa matembezi ya siku mbili au tatu. Mbeba mkaa huenda hakupata kusoma fizikia, lakini saa aliyoichagua kwa safari yake ina sababu za kisayansi. Kijana mwenye hema asiyezijua sababu hizo anaweza kujikuta saa saba mchana katikati ya uwanda usio na kivuli, chupa zake zikiwa tupu.

Njia inayozungumzwa hapa ni ile itokayo Mwenge kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, mwendo wa karibu kilometa 60. Kutoka Makofia, pembeni ya mji wa Bagamoyo, barabara nyingine iliyowekwa lami katika miaka ya 2010 huelekea magharibi, huvuka bonde la mto Ruvu na kufika Msata baada ya kilometa 64. Bonde hilo ni tambarare na wazi. Baadaye ardhi huinuka taratibu.

Kani zinazomzuia mwendeshaji

Vitabu vingi vya fizikia hufundisha kani kwa mifano ya magari moshi na mipira ya biliadi, ilhali baiskeli ya mwalimu imeegemezwa ukutani nje ya darasa. Na ichukuliwe baiskeli ya kawaida ya chuma yenye kilo 20, mwendeshaji wa kilo 65, na mzigo wa kilo 15. Jumla ni kilo 100, tarakimu inayorahisisha hesabu.

Katika barabara iliyo sawa kuna kani mbili kubwa zinazompinga. Ya kwanza hutokana na matairi, ambayo hubonyea na kurudi katika umbo lake kila yanapozunguka. Juu ya lami, kwa tairi la kawaida lililojazwa upepo vizuri, kani hii ni kama niutoni 8, na haibadiliki sana mwendo ukiongezeka. Wanafunzi wanaweza kuipima kwa kuivuta baiskeli yenye mzigo polepole kwa mizani ya springi, kwanza juu ya lami, kisha juu ya changarawe, kisha juu ya mchanga. Matokeo ya mchanga huwashangaza wengi, na hapo wataelewa kwa nini mtu hodari hushuka na kusukuma.

Kani ya pili ni ya hewa. Hii huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani wa hewa huwa mara nne. Kwa mtu aliyekaa wima na mzigo nyuma yake, akienda kilometa 15 kwa saa, hewa humpinga kwa niutoni 6 hivi. Ukijumlisha na zile 8 za matairi, kisha ukizidisha kwa kasi ya meta 4.2 kwa sekunde, utapata wati 60 takriban. Huo ni uwezo ambao kijana mwenye afya anaweza kuutoa kwa saa nyingi. Lakini akitaka kwenda kilometa 30 kwa saa, atahitaji zaidi ya wati 260, na hapo atachoka kabla ya kufika Bunju.

Hata taa ina gharama yake. Dainamo ya wati 3 inayosuguliwa na tairi hupoteza sehemu kubwa ya nishati kwa msuguano, hivyo huweza kumdai mwendeshaji wati 6 au 7, yaani sehemu ya kumi ya juhudi yake yote. Hiyo si sababu ya kuizima. Katika barabara yenye malori gizani, ni wati zilizotumika vizuri kuliko zote.

Kusi na kaskazi

Ukinzani wa hewa hutegemea kasi ya baiskeli ikilinganishwa na hewa, wala si ikilinganishwa na ardhi. Mwendeshaji wa kilometa 15 kwa saa anayekabiliwa na upepo wa kilometa 15 kwa saa hupambana na hewa kana kwamba anakwenda 30. Ili asipunguze mwendo itambidi atoe wati zaidi ya 130. Akibaki na zilezile 60, mwendo wake utashuka hadi kilometa 9 hivi kwa saa, na safari ya saa nne itakuwa ya saa sita na nusu.

Watu wa pwani wamezijua pepo hizi tangu zamani kwa ajili ya majahazi. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi ikitoka kaskazini-mashariki; kusi huvuma katikati ya mwaka ikitoka kusini na kusini-mashariki. Juu ya hizo kuna upepo wa kila siku: nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi, hasa alasiri. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyo karibu nayo hutulia, na alfajiri mara nyingi kunakuwa shwari. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya saa ya mbeba mkaa. Jahazi lilisubiri upepo; baiskeli husubiri upepo ulale.

Mwezi wa Julai, basi, kijana atokaye Mwenge kwenda Bagamoyo na kisha Msata atasukumwa na kusi na upepo wa bahari karibu njia nzima, naye atajiona shujaa. Hesabu ya kweli ataifanya siku ya kurudi.

Mwili kama tanuri

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni joto. Misuli ya binadamu hugeuza takriban sehemu moja tu kati ya tano za nishati ya chakula kuwa kazi ya kusukuma pedali. Sehemu nne hugeuka kuwa joto. Anayetoa wati 60 kwenye pedali anatumia wati 300 mwilini, na 240 kati yake ni joto linalopaswa kutoka nje. Hesabu ya kutisha kidogo ifanyike ubaoni: kilo moja ya mwili huhitaji takriban kilojuli 3.5 ili kupanda nyuzi moja ya sentigredi. Kama joto lote lingebaki ndani, mwili wa kilo 65 ungepanda karibu nyuzi 4 kwa saa moja, kutoka 37 hadi karibu 41. Katika kiwango hicho mtu huchanganyikiwa, huanguka, na aweza kufa.

Kinachomwokoa ni jasho. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke juu ya ngozi huchukua kilojuli 2,400 hivi. Kwa wati 240 hiyo ni kiasi cha theluthi moja ya lita kwa saa. Ongeza jua la mchana, ongeza upepo wa mbele au mwinuko, na mahitaji yatafika lita moja kwa saa bila taabu. Kanuni ni ileile ya mtungi wa udongo, ambao maji yake hupoa kwa sababu machache yanapenya na kukauka ubavuni. Chupa iliyovikwa soksi yenye maji na kufungwa kwenye baiskeli itaonyesha jambo hilo kwa kipimajoto baada ya nusu saa ya mwendo.

Lakini jasho linalodondoka halipozi kitu. Ni lile linalokauka tu. Pwani, hewa ina unyevu mwingi, na mwendeshaji hulowa shati akiwa bado ana joto. Ndani zaidi, kuelekea Msata, hewa ikiwa kavu jasho hukauka papo hapo, ngozi hubaki kavu, na mtu hudhani hatoki jasho kabisa. Huyu wa pili aweza kuwa katika hatari zaidi, kwa kuwa hana dalili ya kumkumbusha kunywa.

Hapa pia upepo wa nyuma huonyesha sura yake ya pili. Kijana anayekwenda kilometa 15 kwa saa, na upepo ukimfuata kwa kasi hiyohiyo, haoni hewa yoyote ikipita mwilini. Miguu yake hufanya kazi nyepesi, wati 33 tu, lakini mvuke wa jasho hubaki umemzunguka kama blanketi. Wengi hushangaa kuhisi kizunguzungu katika sehemu rahisi ya safari. Dawa ni kusimama kivulini, kujimwagia maji kichwani na shingoni, na kupepewa. Mwenye kuumwa kichwa, kutapika au kusema maneno yasiyoeleweka asiruhusiwe kuendelea. Apozwe mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Maji, chumvi na unga

Ratiba ifaayo, basi, ni kuondoka Mwenge saa kumi alfajiri na kufika Bagamoyo saa mbili asubuhi. Kishawishi cha kuendelea ni kikubwa, maana miguu bado ina nguvu. Mwenye busara hupumzika chini ya mwembe hadi saa tisa alasiri. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na wapagazi waliobeba mizigo ya kama frasila mbili nao walikuwa na desturi ya kuanza kutembea alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali.

Mwanafunzi ajipime uzito kabla na baada ya safari fupi: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Upungufu wa sehemu mbili katika mia, yaani kilo 1.3 kwa mtu wa kilo 65, hupunguza nguvu waziwazi. Kwa safari hii lita nne ziwepo kwenye baiskeli wakati wa kuondoka Makofia. Hata hivyo, kunywa maji matupu kwa wingi siku nzima kuna hatari yake, kwa kuwa jasho huondoa chumvi pia, na damu iliyopungukiwa chumvi huathiri ubongo. Mchanganyiko unaofahamika kwa kutibu wenye kuharisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, hufaa pia hapa, pamoja na chakula chenye chumvi.

Kuhusu chakula hesabu inafurahisha. Kilometa 100 kwa wati 300 za mwili hutumia kilojuli 7,200, kiasi cha nusu kilo ya unga wa mahindi. Nishati hiyo ni sawa na iliyomo katika robo lita ya petroli, ambayo haingelifikisha gari popote.

Usiku uwandani

Saa kumi na moja na nusu jioni, baada ya kilometa kama 35 kutoka Makofia, inafaa kutafuta mahali pa kulala. Ukingo wa Ruvu haufai: mto una mamba na viboko, bonde hufurika wakati wa masika, na mbu ni wengi. Ni bora kufika kijijini, kupiga hodi kwa mtendaji wa kijiji, na kuomba kiwanja cha shule. Wageni waliojitambulisha hulindwa.

Usiku usio na mawingu ardhi hutoa joto lake angani bila kizuizi, na kabla ya mapambazuko hema hulowa umande nje, na ndani hulowa kwa pumzi za waliolala. Chandarua kiwepo, na mlango wa hema uachiwe upenyo wa hewa. Maji ya kesho yachemshwe jioni na kuachwa yapoe, chupa zijazwe kabla ya kulala, na baiskeli ifungwe mizigo yote isipokuwa hema, kwa sababu safari ya kurudi inakabili upepo, na saa kumi alfajiri haitangoji mtu anayetafuta viatu gizani.