Aina ya Jengo Hujulikana kwa Matumizi Yake

Ukiulizwa nyumba yako ni jengo la aina gani, huenda ukajibu kwa kutazama umbo lake. Wataalamu wa mipangomiji huanza na swali jingine: jengo hilo linatumika kwa kazi gani?

Chukua mfano wa nyumba ya Kiswahili, iliyoenea Dar es Salaam na katika miji mingine nchini. Mbele kuna baraza. Katikati hupita korido yenye vyumba pande zote mbili. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na stoo. Nyumba hiyo hiyo yaweza kuwa makazi ya familia moja, vyumba vya wapangaji, duka, gesti au kituo cha kulelea watoto. Kuta hazikubadilika, lakini aina ya jengo imebadilika.

Kwa msingi huo majengo hugawanywa katika makundi: makazi, biashara, makazi na biashara, viwanda, huduma za jamii kama shule na zahanati, pamoja na majengo ya ibada na mikusanyiko. Kila kundi lina mahitaji yake ya milango, upana wa njia za kutokea, idadi ya vyoo, hewa na maegesho.

Mgawanyo huu unahusu uhai wa watu. Familia ya watu sita huijua njia ya kutokea nyumbani mwao hata gizani. Wakiwekwa humo watoto arobaini, madirisha yakiwa na nondo na ua ukiwa umezungukwa na ukuta usio na mlango, moto ukizuka upande wa mbele hakuna pa kukimbilia. Shimo la choo lililotosha familia nalo litafurika, na adha itawafikia majirani.

Ndiyo maana, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, mabadiliko ya matumizi huhitaji idhini ya mamlaka ya upangaji. Kabla ya kubomoa ukuta au kupokea wateja, soma matumizi yaliyoandikwa katika hati yako, kisha fika kwa Mtendaji wa Kata akuelekeze kwa Afisa Mipangomiji. Ni nafuu kuongeza mlango wakati ramani ingali mezani kuliko kuutafuta siku ya moto.