Usihesabu Rangi, Hesabu Siku

Abaayo, dada yangu wa Bulla Iftin, barua yako nimeisoma mara mbili. Mwanao wa miaka 4 ana kamasi la kijani, usiku anakohoa, na kila jirani ana dawa ya kukupa. Lakini hukuniambia mafua yalianza lini, na hilo ndilo kubwa.

Rangi isikutishe. Mafua ya kawaida huletwa na virusi: kamasi huanza jepesi kama maji, likawa zito, likageuka kijani, kisha likakauka lenyewe. Antibayotiki haiui virusi.

Basi hesabu siku. Zikipita 10 bila nafuu, au akipata nafuu halafu akazidiwa, au ana joto la nyuzi 39 na kamasi zito kwa siku 3 mfululizo, mpeleke kwa daktari. Huenda bakteria wameshika sainasi, yale mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso. Vijia vyake vikivimba na kuziba, kamasi hutuama na bakteria huzaana humo. Wanaoongoza ni watatu: nimokokasi, hemofilasi na moraksela. Daktari akimwandikia antibayotiki ya amoksisilini, mpe kwa kipimo alichoandikiwa hadi dozi iishe. Siku 3 zikipita bila nafuu, mrudishe. Chupa iliyobaki kwa jirani usiiguse.

Jicho likivimba, shingo ikikakamaa, au akilegea na kusinzia ovyo, usingoje siku 10. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Garissa saa hiyo hiyo. Na kamasi likitoka tundu moja tu, tena linanuka, huenda ameingiza shanga puani.

Nyumbani, dabqaad (chetezo) likifuka uunsi (udi) jioni, mtoto alale chumba kingine. Moshi huchokoza pua iliyovimba. Mdondoshee puani maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya mto Tana usiyatumie kabla hujayachemsha.

Kama ana mdogo wake mchanga, chanjo ya nimokokasi, inayotolewa Kenya tangu 2011, isimpite: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mkihama na mifugo, kijitabu cha kliniki kihame nanyi.

Usiku huu, abaayo, chukua kijitabu cha mwanao anayeumwa, uandike tarehe mafua yalipoanza. Tarehe hiyo itamsaidia daktari kuliko rangi yoyote utakayomweleza.