Simbilisi mwenye ukurutu asitupwe, atibiwe

Katika miji yetu ya mlimani, kutoka Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Embu, wako watoto wanaofuga sungura, na wengine hufuga simbilisi. Simbilisi ni yule mnyama mnene asiye na mkia, mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura, ambaye jina lake la Kiingereza limekuwa msemo wa mtu anayefanyiwa majaribio. Kwa wiki chache za kwanza huwa kipenzi cha nyumba nzima. Kisha mtoto humchoka, shule hufunguliwa, na kizimba husukumwa nyuma ya jikoni. Siku mtu anapokumbuka kuchungulia, humkuta amenyonyoka manyoya mgongoni, ngozi imefanya magamba ya manjano, naye anajikuna hadi damu.

Wengine humtupa. Wengine humpaka oili chafu ya gari, au humtumbukiza katika dawa ya kupe iliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe. Yote hayo ni makosa. Mnyama huyo anaweza kupona, na jinsi anavyotunzwa inahusu pia afya ya watoto waliokuwa wakimbeba kifuani. Ndiyo sababu daktari wa watu anaandika kumhusu katika ukurasa huu.

MAGONJWA MANNE YANAYOFANANA

Kwa macho ya kawaida, kila ngozi mbovu huitwa upele. Kwa simbilisi, kuna mambo manne ya kutofautisha.

La kwanza ni utitiri. Hawa ni wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huchimba ndani ya ngozi. Muwasho wake ni mkali ajabu. Manyoya hutoka shingoni, mabegani, mgongoni na ndani ya mapaja, na ngozi huwa nene yenye magamba. Mnyama aliyezidiwa anaweza hata kupata kifafa anapoguswa. Mara nyingi utitiri hukaa mwilini bila kuleta madhara, hadi mnyama adhoofike kwa njaa, uchafu, baridi au mimba.

La pili ni choa. Huu ni ugonjwa wa kuvu, wala si wa minyoo. Kwa kawaida huanzia puani, kandokando ya macho na masikioni, kisha hushuka mgongoni. Huacha mabaka yaliyokauka yenye ukoga mweupe, na pengine mnyama hajikuni sana. Huu ndio unaohamia kwa watoto kwa urahisi.

La tatu ni chawa. Hawa huonekana ukipanua manyoya kwenye mwanga mzuri. Chawa wa simbilisi hawaishi kwa binadamu.

La nne husahauliwa mno, nalo ni kiseyeye, yaani ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C. Mbuzi, ng'ombe na sungura hujitengenezea vitamini hii mwilini. Simbilisi hawezi, kama vile mimi na wewe tusivyoweza. Akikosa mboga mbichi kwa wiki 2 au 3, manyoya hukosa mng'aro, viungo huvimba, fizi hutoka damu na vidonda hukataa kupona. Hukaa pembeni bila kutaka kusogea, na watu hudhani ni mvivu.

Undugu huu wa mwili ulileta faida kubwa kwa utabibu. Mwaka 1907, wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka peke yake na kuona wakipatwa na kiseyeye kama mabaharia wa zamani. Hapo ndipo njia ya kuichunguza vitamini C ilipofunguka. Kabla yake, mwaka 1882, Robert Koch alikuwa amemtumia mnyama huyu alipothibitisha kiini cha kifua kikuu. Tunamdai shukrani.

Mara nyingi magonjwa haya huja pamoja. Simbilisi anayelishwa chakula cha kuku au cha sungura tu hukosa vitamini C, kinga yake hushuka, na utitiri hupata nafasi. Kwa hiyo dawa ya wadudu bila lishe ni kazi nusu.

DAWA ZINAZOUA

Kabla ya kutaja la kufanya, nitaje la kuepuka. Katika nyumba nyingi hapakosi vidonge vilivyobaki vya amoksisilini. Usimpe simbilisi hata kipande. Penisilini na jamaa zake, ikiwamo amoksisilini na ampisilini, huua vijidudu vyema vya tumbo lake, vijidudu vyenye sumu huongezeka, naye huharisha na kufa katika siku chache. Dawa iliyomponya mtoto wako kikohozi inaweza kumuua mnyama wake.

Jambo la pili ni ivamektini, dawa nzuri ya utitiri inayouzwa katika maduka ya agroveti. Dawa ya sindano ya ng'ombe kwa kawaida huwa na miligramu 10 katika kila mililita 1. Simbilisi wa kilo 1 huhitaji chini ya nusu ya miligramu moja, kiasi kisichozidi tone moja. Kukadiria kwa macho ni hatari. Mwache daktari wa mifugo ampime, amdunge, na arudie mara 2 au 3 kwa nafasi ya siku 7 hadi 14, kwa kuwa mayai ya wadudu huanguliwa baadaye. Simbilisi wote waliokuwa pamoja naye watibiwe, hata wasio na dalili.

Oili ya gari huunguza ngozi na humezwa mnyama anapojilamba. Dawa ya kupe ya ng'ombe nayo inaweza kumdhuru mwili mdogo kama huo.

UUGUZI WA NYUMBANI

Mtenge mgonjwa na wenzake. Mweke ndani ya nyumba, mahali pakavu pasipo na upepo, hasa miezi ya Juni hadi Agosti ambapo baridi ya Nyeri hupenya mifupa. Sakafu isiwe ya waya, kwa maana humtoboa nyayo na kuleta vidonda. Tandika nyasi kavu au magazeti, ubadilishe kila siku. Vumbi la mbao humwasha ngozi na mapafu.

Nyasi safi ziwepo mbele yake usiku na mchana. Tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama. Akikosa kula kwa siku nzima, hiyo ni dharura. Ongeza mboga mbichi kila siku: sukuma wiki, majani ya dania, na hasa pilipili hoho, ambayo ina takriban miligramu 80 za vitamini C katika gramu 100. Mzima huhitaji kama miligramu 10 hadi 20 kwa siku kwa kila kilo ya uzito; mgonjwa anaweza kupewa miligramu 50. Kidonge kisagwe na kupakwa kwenye kipande cha mboga. Usikichanganye na maji ya kunywa, kwa kuwa nguvu yake hupotea upesi.

Nyumba nyingi za upande wetu zina miparachichi. Parachichi, tunda na majani yake, ni sumu kwa simbilisi na kwa sungura. Vilevile usimpe majani ya viazi, majani ya nyanya wala vitunguu.

Magamba yasibanduliwe kwa kucha. Yalainishe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha mkaushe kwa taulo mara moja. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki na kuandika uzito wake. Uzito ukipanda, mnaelekea pazuri hata kama manyoya hayajarudi. Kwa kawaida muwasho hupungua kwanza. Manyoya hufuata baada ya mwezi mmoja au miwili.

NGOZI YA MTOTO

Anayemhudumia mgonjwa avae glavu au mifuko safi ya plastiki mikononi, na nguo ya mikono mirefu. Anawe kwa sabuni kila anapomaliza. Kizimba kisuguliwe na kuanikwa juani. Mbao zilizooza zichomwe, kwa sababu mbegu za kuvu hukaa miezi mingi.

Utitiri wa simbilisi unaweza kumletea mtu vipele vya kuwasha, lakini hauzaliani kwetu, na vipele huisha mnyama akitibiwa. Choa ni jambo jingine. Ukiona duara jekundu lenye ukingo wa magamba mkononi, shingoni au usoni mwa mtoto, mpeleke kliniki na umwambie daktari kwamba kuna mnyama nyumbani. Wazazi huficha habari hiyo kwa aibu, na mficha maradhi kilio kitamfichua. Usinunue krimu yenye steroidi dukani. Hufifisha wekundu huku kuvu ikienea chini kwa chini. Choa cha kichwani hakiponi kwa kupaka peke yake, bali huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa.

Mzazi mwenzangu, sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimkatazi mtu kupiga mnyama tu. Kumwacha ateseke kwa kutotunzwa pia ni kosa. Lakini kabla ya sheria kuna malezi. Mtoto aliyemsahau simbilisi wake asiadhibiwe kwa kuona anatupwa. Mpe kijitabu cha kuandika uzito, mkabidhi kazi ya kukata mboga kila asubuhi, na mwende pamoja kwa daktari wa mifugo wiki hii hii, kabla mnyama hajaacha kula.