Shule Inapopanuka Hadi Mlangoni Pako

Laini Saba, hapa Kibera, haina nafasi ya kuweka jiwe bila jirani kujua. Kwa hivyo shule ya binafsi inapotaka darasa jingine, habari hazifiki kwa tangazo, zinafika kwa mkokoteni. Asubuhi moja unakuta mawe na mbao zimerundikwa kwenye kichochoro unachopitia kwenda kuteka maji. Jioni nguzo zimesimama. Ukiuliza nani ameruhusu, fundi anakujibu bila kuinua kichwa: "Chifu anajua." Maneno yanaishia hapo, kwa sababu wewe mwenyewe huna hati ya pale unapolala.

Safu ya leo ni yako wewe uliyenyamazishwa na jibu hilo.

Chifu kujua si kibali. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya umma, ukiacha ekari 288 ambazo jumuiya ya Wanubi ilikabidhiwa hati yake mwaka 2017. Ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba ya serikali ya kitaifa na ya kaunti. Chifu hana mamlaka ya kisheria ya kuigawa, na barua yake, hata ikiwa na muhuri mwekundu, haigeuzi kichochoro kuwa mali ya mtu. Na kama shule haina hati, basi mbele ya sheria mmekaa benchi moja, wewe na mkurugenzi wake.

Kibali cha kujenga hutolewa na kaunti. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka kila anayejenga kupata idhini kabla ya kuanza. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kubadilisha matumizi nako kunahitaji idhini. Landlodi akiuza ploti ya vyumba kumi, na shule ikavunja kuta za ndani ikapata madarasa matatu, hapo pia panahitaji kibali, hata kama hakuna jiwe jipya lililoongezwa. Mwombaji anatakiwa pia kuutangazia umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike watu kupeleka pingamizi kwa kaunti. Sheria haikuandika "mwenye hati", iliandika umma. Mpangaji ni umma. Mama mboga ambaye kibanda chake kitafunikwa na ukuta ni umma.

Najua utaniambia kwamba Kibera hakuna anayefuata hayo. Kweli, wachache sana. Lakini pingamizi la maandishi lililopokelewa na kaunti lina kazi yake: siku ukuta ukianguka, hakuna afisa atakayesema hakuambiwa. Na kaunti ikitoa idhini nawe hujaridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno, kwa hivyo usizimalize ukingoja mzee wa kijiji arudi kutoka ushago.

Sasa neno la tahadhari, nalo litawaudhi wengine. Usikimbilie kuita kanjo, askari wa kaunti, waje wabomoe. Tingatinga halichagui, likishaingia kubomoa darasa lisilo na kibali, huenda likauliza na chumba chako kilijengwa kwa kibali gani. Tena watoto walio ndani ya darasa hilo ni wenu. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lakini shule za serikali karibu na Laini Saba hazitoshi. Ndiyo maana shule hizi za ada ndogo, ambazo Wizara ya Elimu inaziita APBET, zimejaa pande zote. Ombi lenye nguvu zaidi ni lile linalotaja kasoro yenyewe: njia ibaki wazi, mtaro usizibwe, ghorofa ya mbao isipande bila mhandisi.

Hilo la ghorofa silisemi kwa kutisha. Tarehe 23 Septemba 2019, pale Ng'ando, si mbali na Kawangware, jengo la shule ya Precious Talent liliporomoka asubuhi wanafunzi wakiwa ndani. Watoto 8 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Lilikuwa na madarasa ya juu yaliyojengwa kwa mbao na mabati. Mkurugenzi wa shule alisema mtaro wa majitaka uliochimbwa nyuma ya jengo ndio uliolegeza msingi. Majirani wa shule kama hiyo huona mengi kabla ya mkaguzi yeyote kufika: nguzo inayopinda, sakafu inayotikisika watoto wakikimbia, maji yanayolala chini ya ukuta. Hayo yapelekwe kwa NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, ambayo ina uwezo wa kusimamisha kazi. Yapelekwe pia kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule kuendeshwa bila kusajiliwa. Ukiwa mzazi pale, una haki ya kuuliza cheti cha usajili kabla ya kulipa ada ya muhula.

Ikiwa kinachokusumbua ni kelele, vumbi au vyoo vya shule vinavyomwaga uchafu kwenye mfereji wenu, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti na kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kanuni za kelele zipo tangu 2009, na zinabana zaidi usiku kuliko mchana. NEMA ikiupa mradi leseni nawe unaipinga, una siku 60 za kwenda kwa jopo la kitaifa la mazingira. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakupa nafuu kubwa hapa: anayedai haki ya mazingira safi hahitaji kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Hasara ikiwa imeshapatikana, kwa mfano ukuta wao umeangukia chumba chako na kuvunja televisheni na cherehani, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Picha, risiti na shahidi mmoja aliyeona vinaweza kukufikisha mbali.

Wanaoumia zaidi katika upanuzi, kwa maoni yangu, ni wapangaji. Landlodi amekubaliana bei na shule, nawe unaambiwa uhame kufikia Jumamosi. Kama kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nyumba yako kwa kawaida iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, na hutolewi bila amri ya jopo la kodi za nyumba. Kung'oa mlango, kutoa mabati au kukata stima ili uchoke uhame mwenyewe ni kosa la jinai. Piga ripoti polisi na ushike namba ya OB, kitabu chao cha matukio, halafu uende kwa jopo.

Na mwenye strakcha, yaani nyumba bila hati ya ardhi, anayeambiwa aondoke kwenye ardhi ya umma? Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inataka notisi ya angalau miezi 3. Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi tarehe 11 Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Wao walipewa notisi ya siku 7 kupitia gazeti, wakabomolewa Novemba 2011 licha ya amri ya mahakama. Majaji walisema mtu asiye na ardhi anayeishi kwenye ardhi ya umma hapati hati, ila anapata haki ya makazi inayolindwa. Hukumu hiyo inaweza kuifaa hata shule. Tarehe 23 Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipokatwa katikati ya Kibera, shule kadhaa zilibomolewa pamoja na nyumba. Mkurugenzi anayekusukuma leo anaweza kesho kuwa mlalamikaji mwenzako, na ni vizuri kumkumbusha hivyo mkiwa mnakunywa chai, kabla ya kufikishana mahakamani.

Pesa za wakili zikikosekana, Kituo Cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu 1973, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya taifa. Barua yoyote utakayoandika, toa nakala 2. Moja waachie ofisini, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, kisha uiweke kwenye mfuko wa plastiki mbali na paa linalovuja.