Waifai Haifiki Dukani? Unganisha Ruta ya Pili

Nyumba nyingi za Lanet na Kiamunyi ni za mawe, na duka liko mbele kwenye geti, mara nyingi kibanda cha mabati. Ruta iko sebuleni. Ukiwa kwenye kochi intaneti inakimbia, ukifika dukani programu ya malipo inazunguka tu, na mteja amesimama mbele yako akisema, "Mama, nimeshatuma." Umpe unga au umwambie angoje?

Mawe hupunguza nguvu ya mawimbi na mabati huyarudisha yalikotoka. Kununua ruta kubwa zaidi hakutasaidia sana. Kama una ile ya zamani kwenye droo, itoe.

Iwashe peke yake kwanza, bila kuigusanisha na ile ya sebuleni. Unganisha simu nayo, ufungue ukurasa wake wa mipangilio. Anwani iko kwenye kibandiko chini ya ruta. Kama ruta kuu ni 192.168.1.1, ipe hii 192.168.1.2, mradi nambari hiyo haimo kati ya zile ambazo ruta kuu hugawia simu. Kisha zima DHCP, yaani kazi ya kugawa hizo anwani. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Ruta zote mbili zikigawa, simu inaonyesha imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka, na lawama zote zinaendea kampuni ya intaneti.

Sasa vuta waya kutoka tundu la LAN la ruta kuu hadi tundu la LAN la ya pili. Lile la WAN liache wazi. Waya mmoja usizidi mita 100, na unapopita nje uweke ndani ya paipu. Zipe ruta zote jina moja la waifai na nenosiri moja, lakini chaneli tofauti, kwa mfano 1 na 6, ili zisigombane.

Jambo linalotuhusu sisi zaidi ni wateja wa duka kuomba nenosiri. Ruta ya zamani mara nyingi bado ina nenosiri la kiwandani kwenye ukurasa wa mipangilio. Aliyeingia kwenye waifai yako anaweza kulijaribu, na akifaulu, anaweza kukuelekeza kwenye kurasa bandia. Libadilishe kwenye ruta zote mbili. Waifai ya wageni nayo iwashe kwenye ruta kuu pekee, kwa sababu ruta ya pili iliyopangwa hivi mara nyingi haiwatengi wageni kikweli. Ndiyo, haitafika vizuri dukani. Mteja atumie bando zake.

Na kabla fundi hajamaliza kuvuta waya? Programu ikikwama ukiwa wewe unayetuma pesa, usitume tena. Zima waifai, washa data, uangalie kama muamala wa kwanza ulipita. Ukiwa wewe unayelipwa, usiangalie simu ya mteja. SMS ya malipo hupitia laini yako, wala haihitaji waifai, na kama ujumbe wenyewe unautilia shaka, piga msimbo wa menyu uangalie salio kabla ya kufunga mfuko wa unga.